Nani Amechinja?

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Nyanungu kwa miaka saba, na watu wa kule wakinisifu mimi hugeuza uso nikatazama kitu kingine. Wanasema Mwalimu Laurian ndiye aliyeleta uji shuleni. Si kweli. Uji uliletwa na Mzee Abdurahmani, mwenye hoteli pale Tarime mjini. Kazi yangu ilikuwa kuupokea na kusema asante, na hata hiyo asante nikaiharibu. Nitaeleza nilivyoiharibu, na sitajikosha.

Mzee Abdurahmani alikuwa Mshihiri. Alitoka Hadhramaut akiwa kijana, enzi za machimbo ya dhahabu, akaanza kwa kuwauzia wachimbaji kahawa, birika mkono huu na vikombe mkono huu. Nilipohamishiwa Tarime kutoka Bukoba mwaka 1972, alikuwa na hoteli barabara ya sokoni. Ilikuwa na meza nane na mabenchi, chai ya maziwa, sambusa, na pilau siku za mnada. Mkewe Bi Arafa, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyetawala jikoni, na ukimaliza wali ukaacha punje kwenye sahani alikuuliza kama nyumbani kwenu mnalima mpunga.

Watu hawa walikuwa na mkono wazi kupita kiasi. Kila Ijumaa sufuria ya supu ilikwenda hospitalini kwa wagonjwa wasio na ndugu. Maiti ikikosa mwenyewe, sanda ilitoka kwao, awe Mwislamu asiwe Mwislamu. Benchi za kumsubiria daktari walizichongesha wao, na hawakuandika jina popote. Tulizoea tu kusema "benchi za Mshihiri", tukazikalia.

Mwaka 1974 watu wa Nyanungu walihamishiwa kwenye kijiji kipya. Nyumba zilikuwa hazijaezekwa, mashamba yalikuwa yameachwa kule walikotoka, na mvua nazo zikagoma. Watoto walikuja shuleni na njaa. Asubuhi moja msichana wa darasa la pili, Regina, alianguka mstarini katikati ya wimbo wa taifa, na wenzake wakaendelea kuimba kwa sababu walikuwa wameshazoea. Wiki hiyo nilikwenda mjini kuchukua chaki, nikapita hotelini, nikamsimulia Mzee habari ya Regina. Sikuomba kitu. Nilikuwa nalalamika tu, kama tulivyokuwa tunalalamika wote.

"Watoto wangapi?" akaniuliza.

"Mia mbili na kumi na wawili."

Jumatatu iliyofuata lori lilishusha gunia la unga wa mtama, sukari, na ile sufuria kubwa ya pilau. Likamshusha na Bhoke, mpishi wa hotelini, ambaye kwao ni Nyanungu hukohuko. Tangu siku hiyo kila Jumatatu unga ulikuja. Na kila nilipopita hotelini Mzee aliniuliza swali moja kabla chai haijafika mezani: "Mwalimu, uji ulitosha?" Nikisema umetosha, yakaisha. Nikisema haukutosha, Jumatatu gunia lilikuja na debe juu yake. Hakutuma mtu kuchungulia hata siku moja. Miaka ile ukitaka hata sabuni ilibidi uwe na barua yenye mhuri, lakini mtu huyu alipima unga wake kwa neno langu. Nilijisikia mkubwa sana. Nilikuwa natembea barabara ya sokoni kifua mbele, kama vile unga ulikuwa wangu.

Mwaka uliofuata akatoa mabati ya darasa la tatu. Kijiji kikakaa kikao kuamua jinsi ya kumshukuru. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mniko, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa mila, mtu mrefu mwenye maneno machache.

"Huyu mtu amelisha watoto wetu," alisema. "Kwetu sisi, mtu akishakulishia mtoto, huyo si mgeni tena. Tutatoa fahali."

Nikasimama, kwa sauti yangu ya darasani, nikaeleza kwamba Mzee na mkewe ni Waislamu, hawali nyama mpaka ichinjwe na Mwislamu mwenzao, kwa kisu, kwa jina la Mungu. Nikasema pale Tarime yupo Bushiri, mwenye bucha, ndiye anayewachinjia. Wazee wakasikiliza, wakatikisa vichwa kukubali.

"Sawa," akasema Mzee Mniko. "Basi hilo ni lako, mwalimu. Wewe ndiye utaleta huyo mtu mwenye kisu."

Nikasema, "Limekwisha."

Na nikasahau. Ningependa kusema niliugua, au daraja lilikatika. Nilisahau tu, kwa sababu Katibu Tarafa alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi siku ya kufungua darasa, na mimi kichwa kikajaa hotuba. Niliiandika mara tatu. Neno "ukarimu" lilikuwemo mara kumi na moja, nakumbuka kwa sababu nililipigia mstari kila mahali ili nilitamke vizuri. Nilifundisha gwaride, nyimbo na ngonjera. Siku mbili kabla ya sherehe nilikwenda mjini kutafuta utepe wa kukata mlangoni. Nikapita mbele ya bucha ya Bushiri. Akanisalimia, tukaongea habari za mpira, tukacheka, nikaaga nikaenda zangu na utepe wangu kwapani.

Nilikumbuka Ijumaa jioni nikipiga pasi suruali. Lori lilikwisha kwenda mjini, lingerudi kesho na wageni wenyewe. Nikakimbia kwa Mzee Mniko nikamwomba fahali asiguswe, wamwache mpaka mgeni afike, achinje mwenyewe. Sikumwambia nimesahau. Nilisema yule mtu wa bucha amepata udhuru.

"Hii ng'ombe ni ya baraka," akasema. "Inakufa kabla jua halijawa kali. Lakini tutaona."

Nikalala na hiyo "tutaona" kama ahadi. Mimi mwalimu, ambaye kila siku nawaambia watoto "tutaona" nikiwa na maana ya hapana.

Asubuhi nilipofika, fahali alikuwa ameshalala ubavu na vijana wanamchuna. Ngozi ya shingo ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Walikuwa wamemziba pua na mdomo mpaka pumzi ikaisha, ndivyo wazee wale walivyofanya kwa mnyama wa baraka, damu isimwagike ovyo. Hawakufanya kwa siri wala kwa dharau. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

"Hii si nyama ya kula tu, mwalimu," Mzee Mniko alinieleza, mikono yake ikiwa na yale majani ya tumboni mwa ng'ombe ambayo wangepaka kizingiti cha darasa. "Hii inaingiza mtu nyumbani. Tukimwaga damu, tutakuwa tunamwingiza namna gani?"

Nikamwambia kwamba Mzee Abdurahmani hawezi kula nyama ile. Kwao ni kibudu, ni haramu. Hakukasirika. Alifikiri, akafuta mikono kwenye nyasi.

"Basi atakosa nyama, hajakosa baraka," akasema. "Ile mbuzi yangu nyeupe, wamfunge hapo nje. Mzee akifika tumweleze ukweli, achinje mwenyewe kwa kisu yake. Atacheka tu. Watu wakubwa wanacheka."

Hapo ndipo ningepona. Mbuzi alikuwepo, mwenyewe amemtoa, kilichotakiwa ni mimi kukubali tu. Lakini niliona picha: Katibu Tarafa amekaa, ratiba mkononi, na mgeni wa heshima anachinja mbuzi pembeni kwa sababu mwalimu mkuu alisahau kuleta mchinjaji. Nikaona watu wakiniuliza. Nikasema, "Hapana, Mzee. Tutachelewesha shughuli. Niachieni mimi, nitalimaliza."

"Utalimaliza namna gani?"

"Niachieni."

Na huku moyoni najiambia nafanya kwa ajili ya watoto. Mshihiri akiudhika, unga utakoma, na Regina ataanguka tena. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini. Ndivyo nilivyo. Nikitaka kufanya jambo la ovyo, sikosi watoto wa kujifichia nyuma yao.

Wageni walifika saa nne. Mzee Abdurahmani alivaa kanzu na koti jeusi, Bi Arafa buibui jipya. Wazee waliwapokea mlangoni mwa darasa. Mzee Mniko alikata uzi mwembamba wa ngozi ya yule fahali, akauviringisha kuwa pete, akamvika Mzee kidoleni. Akamvika na Bi Arafa. Akanivika na mimi, kwamba mwalimu ndiye aliyewaonyesha njia. Mzee Abdurahmani aliitazama ile pete kwa muda mrefu. Akasema amekaa Tarime miaka thelathini na saba, na watu wamemwita Mshihiri, Mwarabu, bepari, na majina mengine ambayo mkewe hapendi ayataje, lakini leo ndiyo mara ya kwanza amevikwa kitu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasoma hotuba yangu na ukarimu wangu kumi na mmoja.

Tukaingia darasani kula. Mzee Mniko alibaki nje kugawa nyama, maana kugawa ni kazi ya mkubwa. Ndani nilikaa mimi, Katibu Tarafa, Mzee na mkewe. Sinia ikaletwa, ugali na nyama inayofuka moshi. Katibu Tarafa hakungoja mtu. Mzee Abdurahmani alinawa, akaufikisha mkono kwenye sinia, akausimamisha. Akaniinamia. Aliuliza polepole, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwalimu, nani amechinja?"

"Bushiri," nikasema.

"Bushiri alikuja? Sikumwona kwenye lori."

"Alikuja jana, Mzee. Ameondoka alfajiri kwa baiskeli."

"Masikini, na ule mlima wote," akasema. "Alhamdulillahi." Akamgeukia mkewe, akamwambia kwa furaha, "Bushiri amekuja mpaka huku." Kisha akasema bismillahi, akala. Bi Arafa naye akala. Akasifu nyama, akauliza ni majani gani wanayolishwa ng'ombe hawa mpaka nyama ikawa tamu vile.

Nilitazama midomo yao ikitafuna. Na sitaficha, nilichosikia siku ile si aibu, nilisikia nafuu. Nilikula sana. Nilinyoosha mkono mara ya pili na ya tatu. Jioni nilipofika nyumbani ile pete ya ngozi ilikuwa imeanza kunuka, nikaivua nikaitupa chooni.

Jumatatu unga ulikuja kama kawaida. Dereva akaniambia, "Mzee anasema ukipata nafasi upite." Nikajua. Jumatatu ya pili unga ukaja, na maneno yaleyale. Ya tatu pia. Mimi nikawa nanunulia mahitaji yangu Sirari mpakani, mbali kote huko, nikigombana na wauza duka wa ng'ambo kwa ajili ya kipande cha sabuni, ilimradi nisipite barabara ya sokoni. Mwisho chaki ziliisha, na chaki hazikuwepo Sirari.

Nilifika hotelini baada ya saa nane, wateja wa mchana wameondoka. Mzee alikuwa amekaa mezani kwake anachambua mchele. Bi Arafa alikuwa anafuta meza. Nikasema shikamoo, wakaitikia wote wawili. Chai ikaletwa. Hakuniuliza habari ya uji.

"Nilimshukuru Bushiri," akasema. "Hapahapa, mbele ya watu. Nikamwambia Mungu akulipe kwa ile safari ya Nyanungu. Akaniambia Nyanungu hajawahi kufika tangu azaliwe." Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Mwalimu, nani alichinja?"

"Hakuchinja mtu," nikasema, na nikamweleza jinsi fahali alivyokufa.

Bi Arafa aliacha kufuta meza. Mzee akauacha mchele, akanitazama. Macho yale ndiyo yaliyonitisha, na nikiwa na woga mimi huongea. Nikaongea.

"Wazee walikataa kusubiri, Mzee. Nilibishana nao mpaka basi. Unawajua watu hawa, wakishaamua jambo lao hawasikii la mtu. Nikaogopa ukijua utaudhika, na watoto wale watakosa uji."

Nilisema hivyo juu ya Mzee Mniko, aliyenitolea mbuzi wake. Ulimi haukukwama hata kidogo.

"Unga umekuja Jumatatu zote tatu?" Mzee akauliza.

"Umekuja."

"Nilikuwa najua tangu Jumapili ile, siku moja baada ya sherehe. Na ukaja?"

"Ukaja, Mzee."

"Basi." Akarudi kwenye mchele wake. Hakupandisha sauti. "Ulifikiri nawapa watoto uji ili nipewe nyama."

Bi Arafa akaja akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekifikisha hata nusu.

"Sisi tulikula kwa neno lako, Mwalimu," akasema. "Hatukujua, kwetu hakuna dhambi. Iliyobaki ni yako mwenyewe."

Aibu ya kipimo hicho peke yake ingenitosha maisha. Lakini Mzee Abdurahmani aliwaza kivyake. Aliwaza wale wazee wa Nyanungu, kwamba huenda wamesikia mgeni wao amechukia, na wao walimpa walichokuwa nacho. Wiki iliyofuata akapanda lori mwenyewe, juu ya magunia, katika umri ule, akaja kuwaondoa wasiwasi.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano. Kupitia dirishani nilimwona anashuka, anapangusa vumbi, anasalimiana na Mzee Mniko, wanakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yangu. Niliendelea kuandika ubaoni. Hadi leo sijui niliandika nini. Watoto wakaanza kunong'onezana, kisha nikasikia Mzee Mniko ananiita kwa sauti ya furaha kabisa.

"Mwalimu! Njoo! Nimemwambia mgeni habari ya ile mbuzi nyeupe. Bado iko, imenona kuliko siku ile!"

Nilitoka. Nilitembea hatua kama ishirini kutoka mlangoni mpaka pale benchi, na nilitamani ziwe elfu. Mzee Abdurahmani alikuwa ananitazama ninavyokuja.

"Kulikuwa na mbuzi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Wazee walisema nielezwe, nichinje mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na aliyekataa ni wewe."

"Ni mimi."

Mzee Mniko alitutazama mmoja baada ya mwingine. Furaha ikamtoka taratibu, akaelewa kwamba mjini kuna kitu kilisemwa juu yake. Hakuniuliza ni kitu gani. Afadhali angeniuliza. Afadhali angenitukana Kikurya chote anachokijua, mimi sikielewi, ningesimama tu nikatukanwa. Alivuta ugoro wake akatazama mlimani.

"Pete yenu sijaitupa," Mzee Abdurahmani akamwambia yeye, si mimi. "Ilipokauka nimeitundika hotelini, kwenye msumari. Watu wakiuliza nasema nimepewa nyumbani. Nyinyi hamkunidanganya."

Kisha akafungua mfuko wake, akatoa kisu. Kumbe alikuwa amekuja nacho. Mbuzi mweupe akaletwa, akamchinja mwenyewe mbele ya wazee, wakamsaidia kushika miguu, wakawa wanamtania kwamba Mwarabu anajua kazi. Bhoke akapika. Waliniita mara mbili nikale nao. Nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Nilikaa ofisini, na harufu ya nyama ikaingia dirishani, na niliwasikia wanacheka.

Mtu angefikiri nilipoteza kitu kikubwa. Kwa macho ya watu sikupoteza chochote. Unga ulikuja mwaka ule na mwaka uliofuata, hata sukari ilipoadimika nchi nzima na hoteli yenyewe ikawa inatoa chai ya chumvi. Nikifika hotelini, Mzee aliniitikia marahaba, akaniuliza habari za Bukoba, akanisogezea sambusa. Kilichokosekana ni kile kitu kimoja. Nilingoja kila mara, chai ikafika, nikainywa, nikaimaliza, nikaaga. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikasema mwenyewe, "Mzee, wiki hii uji umetosha."

"Bhoke ameniambia," akajibu kwa upole, akamwendea mteja mwingine.

Alifariki mwaka 1978, wakati wa mavuno. Mazishi hatukuyawahi, kwao maiti hailali. Lakini kijiji kikatoa fahali wa hitma, na safari hii tukamswaga kwa miguu, akiwa hai, siku moja na nusu, Mzee Mniko mbele, vijana wawili, na mimi nyuma na fimbo. Nilijitolea mwenyewe. Viatu vyangu vilipasuka kabla ya kufika nusu ya njia, na nikafurahi kwamba vimepasuka.

Tukamkabidhi kwa Bushiri nyuma ya hoteli. Nilisogea karibu kuliko wote. Nilitaka nione. Nilimsikia Bushiri akitaja jina la Mungu, nikakiona kisu kinapita, na damu ikanirukia kwenye kiatu, na sikukifuta. Nilijiambia: ataulizwa mtu, na safari hii jibu ninalo.

Bi Arafa alikuwa eda, hakutoka. Alikaa chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Tulipofika nilikuwa nimeshampa pole pale paziani, nikataja jina langu, naye akaitikia, "Tumeshapoa, Mwalimu." Kwa hiyo alijua nipo. Nyama ilipoingizwa kwenye mabeseni, mimi na Mzee Mniko tukiwa tumeshika beseni moja, yeye upande huu na mimi upande huu, sauti ya Bi Arafa ilitoka nyuma ya pazia.

"Nani amechinja?"

Nikafungua mdomo.

"Mzee Mniko yupo?" akasema.

"Niko, mama."

"Nani amechinja, baba?"

"Bushiri. Nimemwona kwa macho yangu."

"Haya, pikeni," akasema Bi Arafa.

Nikafunga mdomo. Beseni lilikuwa zito, tukalipeleka jikoni.

Wakati wa kula walituweka Nyanungu wote kwenye mkeka mmoja, chini ya ule msumari wenye pete ya ngozi. Ilikuwa imekauka imekuwa nyeusi, ndogo kama ya mtoto. Mzee Mniko aliitazama, akasema siku ile nami nilivikwa moja kama ile, akauliza kama bado ninayo. Nikasema ipo nyumbani. Ndiyo, nilisema hivyo, hapo hapo, chini ya msumari, siku ya hitma ya mtu yule. Ilitoka yenyewe.

Pilau ikaletwa. Watu wakanyoosha mikono. Wangu ukabaki pajani, nikiitazama ile damu iliyokauka kwenye kiatu nilichokivua mlangoni. Mzee Mniko akadhani najivuta kwa ajili ya heshima ya msiba. Akachagua mnofu mkubwa, akauweka upande wangu wa sinia.

"Kula, mwalimu," akaniambia kwa upole. "Hii imechinjwa."